Mtu Aliyeinama Mlangoni

Neema na Faraji, mlionirithi benchi, wiki yangu ya mwisho kazini mliniuliza kwa nini nilikuwa nanusa kila kopo la filamu mara tatu, ilhali siku hizi kuna vipimo vya karatasi vinavyobadilika rangi vyenyewe. Niliwajibu kwamba ni mazoea ya uzee. Nilidanganya. Naandika haya ili msije mkaiga mazoea yale bila kujua yalitoka wapi.

Niliingia ghala la filamu pale Woolwich, London, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa mlango wa nyuma, nikiwa na ndoo. Nilikuwa nimetoka Bukavu, ambako niliandika habari za redio ya kanisa, na ugonjwa wa kuandika kila ninachokiona sikuuacha kule. Niliishi chumba kimoja Lewisham na binti yangu Riziki. Maombi yangu ya hifadhi yalikuwa bado hayajajibiwa. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, nilichungulia sakafuni chini ya mlango kama barua imekuja. Ikiwa haijaja, nilipata siku nyingine moja. Hivyo ndivyo nilivyohesabu siku.

Ghalani nilifagia miezi saba. Kisha ikaja shehena ya Mexico.

Ilikuwa mali ya msambazaji filamu aliyefilisika: makopo ya bati yenye kutu, yamejaa filamu za zamani za wanamieleka wanaovaa barakoa. Zilikuwa zimetiwa sauti ya Kifaransa na kuzungushwa Afrika miaka mingi, zikarudi Ulaya zimechanika. Lebo zote zilikuwa za Kifaransa, na meneja wetu, Bwana Lawrence, hakujua Kifaransa zaidi ya kuomba kahawa. Nilipokuwa napangusa vumbi nikasoma lebo moja kwa sauti. Jumatatu iliyofuata nikapewa glavu nyeupe za pamba na nafasi kwenye benchi, meza ya kukagulia filamu.

Fundi wa benchi alikuwa Bwana Jayanti. Alizaliwa Kisumu, akaendesha mashine ya sinema huko tangu ujana, na sasa alikaa Queensbury na mkewe. Aliponisikia nikijisemesha kwa Kiswahili alishusha miwani.

"Mama, wewe ni wa wapi?"

"Bukavu, Mzee."

"Kongo! Basi leo nimepata mtu wa kumtukana na akaelewa."

Tangu siku hiyo benchi letu likawa la Kiswahili, na wenzetu wa orofa ya juu wakadhani tunapanga njama.

Siku ya kwanza mikono yangu ilitetemeka mpaka filamu ikawa inagonga meza. Kazi yenyewe mnaijua: unazungusha mkanda polepole kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia, vidole viwili vimeshika kingo, na vidole ndivyo vinavyosikia palipochanika kabla jicho halijaona. Penye mchaniko unasimama, unaweka kioo chenye taa chini, unaangalia kwa lenzi, unakata picha zilizoharibika, unaunga. Mimi nilisikia michaniko hata pasipokuwepo.

"Usiogope filamu," Bwana Jayanti aliniambia. "Filamu ikijua unaogopa, inakatika. Shika kama unashika mtoto amelala."

"Na kama anaamka?"

"Basi analia, na Lawrence anakuja."

Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Filamu zile nilikuwa nimeziona nikiwa msichana, katika ukumbi wa parokia, kwenye shuka lililotundikwa. Maiti iliyofungwa vitambaa ilipotoka kaburini nilijificha chini ya benchi, nikabaki nimeshika miguu ya mama yangu hadi mwisho. Sasa maiti ileile ilinipitia vidoleni, picha moja baada ya nyingine, imetulia, haiwezi kunifukuza. Bado niligeuza uso.

Hofu nyingine ilikuwa siki. Filamu za aina ile zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na gesi yake huambukiza makopo ya jirani. Vipimo vya karatasi vilikuwa havijafika. Tulikuwa na pua. Sheria ya ghala iliitwa pua mbili: wa kwanza ananusa, anaandika kwenye kadi, anatia herufi za jina lake, wa pili ananusa peke yake, bila kuambiwa, naye anatia zake. Pua mbili zikikubaliana, kopo linatengwa, na Jumatatu lori linalichukua kwenda kuchomwa. Bwana Lawrence alinikumbusha mimi hasa, mbele ya watu, kwamba kopo moja la siki likisahaulika rafuni, aliyelipitisha atarudi kwenye ndoo. Nilianza kuogopa achari, saladi, hata jasho langu. Jumamosi nikitoka sokoni na makayabu, samaki wetu wa chumvi, kwenye mfuko sikuthubutu kupita karibu na ghala.

Pamoja na kadi za kazi nilikuwa na daftari langu dogo. Nilipiga mistari minne: nani ana uso, nani ana jina, nani anasema, nani anakufa kwanza. Niliijaza filamu baada ya filamu, na baada ya wiki chache mpangilio ulijionyesha bila mimi kuulazimisha. Shujaa alivaa barakoa saa zote, akila, akiendesha gari, akiongea na mkuu wa polisi, na hakuna aliyemuuliza wewe ni nani. Barakoa yake ilikuwa heshima. Wanawake wanamieleka waliwapiga wanaume vizuri sana hadi dakika kumi za mwisho, kisha mwanasayansi mwenye sharubu akawachumbia. Wenyeji wa Mexico wenyewe, wale wa kabla ya Wahispania, walikuwa maiti za kale zenye laana, au kina mama wa shela waliopita mbio wakipiga kelele. Na watu weusi, kwa mujibu wa daftari langu, hawakuwepo kabisa.

Wiki ya tano nikagundua kwamba yupo mmoja, na nilikuwa nikimwona tangu mwanzo bila kujua.

Katika filamu moja alikuwa mnyongaji mwenye kofia ya gunia. Katika nyingine alikuwa mtu wa chuma. Katika nyingine tena alikuwa ndiye yule maiti aliyenitia chini ya benchi. Siku zote amefunikwa kuanzia kichwani hadi vidoleni, na glavu juu. Hana jina, hasemi. Lakini kila alipoingia mlangoni aliinama kidogo na kuelekeza bega la kushoto mbele, hata kama mlango ulikuwa mrefu wa kupita twiga. Nilimhesabu katika filamu tisa.

"Mzee, angalia. Ni yeye tena."

Bwana Jayanti aliinama juu ya lenzi. "Huyo mtu wako wa mlangoni! Mama, wewe umempenda."

"Hapana, Mzee. Mi nataka tu nimujue."

"Kumjua mtu wa gunia? Kila la heri."

Mkanda wa tano wa filamu ya kumi ulinipa jibu. Wanamieleka wana desturi: anayeshindwa vibaya huvuliwa barakoa hadharani, na jina lake halisi hutangazwa. Mwishoni mwa filamu ile shujaa anamkalia kifuani lile jitu na kulivua kofia. Chini yake kuna uso wa mtu mweusi, wa makamo, mashavu mapana. Nilitazama picha moja moja kwa lenzi. Taa ilikuwa imewekwa chini ya kidevu chake ili atishe, na mwanamke aliyesimama nyuma alikuwa amefungua mdomo kupiga mayowe. Walitaka tuogope uso ule kuliko kofia ya gunia. Nilikaa nao muda mrefu. Alifanana na mjomba wangu aliyekuwa akiuza chumvi Uvira.

Pale pale mwanzoni mwa tukio, kofia inapoachia kichwa, mkanda ulikuwa umechanika vibaya, matundu ya pembeni yameliwa. Nilikata picha kadhaa, nikaunga, nikasukuma vipande pembeni ya meza. Ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa kubwa. Nikaenda kula mkate wangu orofa ya juu.

Niliporudi na kuinua kifuniko cha kopo lile ili nirudishe mkanda, siki ilinipanda puani.

Nikafunga. Nikafungua. Ilikuwepo. Kopo lile lilikuwa limekaa rafuni na mengine kwa wiki tano, na mimi ndiye niliyelipitisha nilipolipokea. Niliona ndoo. Nyuma ya ndoo niliona barua sakafuni, kwani wakili wangu alikuwa ameniambia kwamba barua ya mwajiri ndiyo nguzo ya ombi langu. Sikuwaza uso wa mtu yule hata kidogo. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Nilikuwa nimemtafuta wiki tano, na hofu ilinifutia yote kichwani kwa pumzi moja. Nilijiambia lazima kuna nakala nyingine mahali fulani duniani. Nikajaza kadi: siki, litengwe. Nikatia herufi zangu.

Nikamwita pua ya pili.

Bwana Jayanti alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Alifungua kopo, akainama, akanusa. Aliniangalia. Akanusa tena, akaangalia kifuniko, kisha akaniangalia tena kana kwamba mimi ndiye nitakayesema kitu.

Sikumuuliza kitu, nikamsogezea kadi.

Alichukua kalamu, akatia herufi zake chini ya zangu, akaenda zake bila utani. Hakuwahi kukosa utani. Niliandika jambo hilo kwenye daftari, sikulielewa, nikageuza ukurasa. Jumatatu lori lilikuja.

Miaka ilikwenda. Barua yangu ilikuja hatimaye, ikiwa na jibu zuri, na niliisoma nimekaa ngazini maana sikuweza kuifikisha chumbani. Riziki alikua, akawa ananijibu kwa Kiingereza kila nilichomwambia kwa Kiswahili. Vipimo vya karatasi vilifika. Siku ya kwanza nilivijaribu kwenye makopo ambayo pua yangu ilikuwa na shaka nayo, na matatu kati ya manne yalikuwa mazima. Sikumwambia mtu. Bwana Jayanti alistaafu, magoti yakamshinda, nami nikakaa kwenye kiti chake, ambacho mto wake mliukuta ukiwa bado na umbo lake.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshaanza nilipoitwa mapokezi siku moja asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa ameketi pale, koti la bluu magotini, ngozi yake kama yangu. Nikadhani ni Mkongo wa kanisani, nikamsalimu kwa Kiswahili. Alicheka, akajibu kwa Kiingereza chenye lafudhi niliyoisikia tu kwenye filamu.

"Kila mtu London ananisalimu kwa lugha yake. Wanaijeria, Wajamaika, sasa na wewe. Ukiwaambia mimi ni wa Mexico wanauliza: ndiyo, lakini kwa kweli wewe ni wa wapi?"

Jina lake lilikuwa Ofelia. Alikuwa amefanya kazi kwenye idara ya kufulia nguo ya hospitali moja ya London kwa miaka mingi. Alitoka pwani ya Mexico inayotazama bahari ya Pasifiki, ambako kuna vijiji vya watu weusi tangu enzi za utumwa, na hata Mexico kwenyewe, alisema, wengi hawana habari navyo. Baba yake alikwenda mji mkuu kupigana mieleka, akaishia kwenye filamu. Alifariki Ofelia akiwa na miaka mitatu. Picha zake zote zilichukuliwa na kimbunga pamoja na paa la nyumba.

"Siujui uso wake," alisema. "Mama alikuwa akinionyesha filamu na kusema, yule ndiye baba yako. Na mimi naona gunia. Naona vitambaa. Watoto wenzangu walisema mama anaokota majitu sinemani na kuniambia ni baba."

Kisha akatoa karatasi mkobani. Mama yake alimwambia kabla ya kufa kwamba mara moja tu walimvua kofia. Mwalimu mmoja wa chuo aliyefuatilia filamu hizo kwa miaka alimsaidia kutafuta: nakala za kwao zilipotea zote, na iliyobaki duniani ni moja, ya Kifaransa, katika shehena iliyokuja Woolwich. Alinipa jina la filamu.

Sikuhitaji kulisoma.

Nilimpeleka kwenye meza ya kutazamia iliyo chumba cha pembeni ya mapokezi, nikaleta mkanda wa kwanza hadi wa nne. Mkanda wa pili, jitu lenye gunia likaingia chumba cha mwanasayansi.

"Huyo ndiye," nikasema.

"Umejuaje? Amefunikwa wote."

"Anainama mlangoni. Katika filamu zote."

Ofelia akaniomba nirudishe. Nikarudisha mara sita.

"Na mkanda wa tano?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema: "Nitaangalia kwenye kumbukumbu. Rudi baada ya siku kumi." Nikatoka haraka nikamwacha amekaa, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Kadi niliipata siku hiyohiyo. Ninyi mnanijua, sikuwahi kupoteza kadi. Mwandiko wangu, herufi zangu, herufi za Bwana Jayanti. Njia ya kutokea ilikuwa wazi: kadi inataja namba tu, haitaji filamu. Ningeweza kumwambia kwamba mkanda wa tano haukuwahi kufika. Nusu ya makopo ya shehena ile yalifika pungufu, nani angebisha? Nilikuwa na miaka kumi kazini, jina langu lilikuwa safi, na wakati huo ghala lilikuwa linapunguza watu. Kila usiku nililala na uongo huo ukiwa tayari mdomoni. Na kila nilipoujaribu, nilimwona Ofelia mtoto, wenzake wakimwambia baba yake ni gunia.

Siku ya nne nilipanda treni kwenda Queensbury.

Mke wa Bwana Jayanti, Mama Kokila, alinifungulia mlango, akaniwekea chai yenye tangawizi. Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu kwenye stuli, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kopo aliinua mkono.

"Mama. Ile siku ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa."

"Na mimi Ijumaa nakula nini?"

Nilimtazama. Bwana Jayanti hakula nyama wala samaki, lakini kila Ijumaa alijiruhusu chipsi za dukani, akazimwagia siki kama Mwingereza aliyekosa adabu. Kwa kawaida alizila nje kwenye ngazi.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema.

"Mzee, hapana."

"Nilikula kwenye benchi. Nimeweka karatasi ya chipsi juu ya kifuniko cha kopo, ili nisichafue meza. Ulipofungua, ulinusa chakula changu."

Mama Kokila aliweka birika chini taratibu.

"Ulijua," nilisema. "Uliponusa. Ulijua ni chipsi."

"Nilijua." Alikuwa anaangalia magoti yake. "Kula ndani ya ghala ni kufukuzwa, Mama. Nilibakiza miaka michache kwa pensheni. Nikasema moyoni, Mama Riziki ataniuliza. Akiuliza tu, nitasema. Wewe ukasimama pale na macho makubwa, hukuniuliza."

"Niliogopa."

"Ndiyo, tuliogopa wawili. Pua mbili!"

Mama Kokila akasema kwa Kigujarati jambo refu na kali, kisha akanigeukia na kunifasiria kwa Kiswahili chake kizuri cha Kisumu: "Nimemwambia, mwanamume mzima, kwa viazi!"

Sikucheka. Nilikuwa naona kopo zima, lisilo na ugonjwa wowote, likipanda lorini Jumatatu. Mpaka hapo nilijifariji kwamba lilikuwa linaoza na lingekufa tu. Sasa hata faraja hiyo ilikuwa imekwisha. Nikainuka kuaga.

"Kaa," alisema Mzee. "Kokila, lete mabati."

Mnakumbuka kwamba vipande vilivyokatwa huwekwa kwenye bahasha ndani ya kopo. Sheria hiyo ilikuja baadaye. Wakati ule vilitupwa pipani. Bwana Jayanti hakuweza. Huko Kisumu, alisema, filamu ilizungushwa mpaka ikabaki makovu matupu, na mwenye sinema yake alikuwa akimzaba kofi kwa kila picha moja iliyopotea: kofi moja, picha moja. Basi hadi uzeeni kila jioni alipitisha mkono kwenye meza, akaokota vipande vyangu na vyake, akavitia bahashani na kuandika namba ya kopo. Alikuwa na mabati manne ya majani ya chai, yamejaa. Kuchukua vitu vya ghala ilikuwa kosa jingine la kufukuzwa. Inaonekana alichagua makosa yake kwa uangalifu.

Tulitafuta wote watatu sakafuni mwa sebule. Namba alizoandika kwa Kigujarati Mama Kokila alinisomea. Ilituchukua hadi magharibi. Bahasha yenyewe ilikuwa kwenye bati la tatu, na Mzee ndiye aliyeifungua.

Picha tisa. Nilizielekeza kwenye taa ya mezani. Zilikuwa zile za mwanzo kabisa: kofia inaachia paji la uso, inapita puani, imetoka. Taa ya kutisha ilikuwa bado haijawashwa. Alikuwa amefumba macho, uso una jasho, mdomo umelegea kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Nilikwenda kwanza kwa Bwana Lawrence. Nilimwonyesha kadi na kumweleza kilichotokea, nikaacha nje jina la mla chipsi, nikasema tu kwamba harufu ilikuwa ya chakula na kwamba nilikuwa na shaka lakini sikuuliza. Alisoma herufi zile za watu wawili, na alimfahamu mwenye herufi za pili vizuri kama mimi. Alinipa onyo la maandishi, na akasema mimi ndiye nitakayemweleza yule mama. Nilikuwa nimetumaini angesema atamweleza yeye.

Siku ya kumi Ofelia alikuwa ameketi tena mapokezi, kavaa koti la bluu na hereni. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya kukutana na mtu. Nilipoziona hereni nilitaka kurudi ngazini.

Niliamua kusema kabla ya kuonyesha. Nilijua nikianza na picha, nitajificha nyuma yake.

"Mkanda wa tano ulifika hapa," nilisema. "Ulikuwa mzima. Mimi niliutia kwenye kadi kwamba unaoza, ukachomwa. Haukuwa unaoza. Kulikuwa na chakula karibu, nikanusa siki ya chipsi."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Chipsi," alisema.

"Ndiyo."

"Hukumuuliza mtu?"

"Niliogopa kazi yangu. Nilikuwa sina karatasi bado. Aliyejua yupo, naye aliogopa."

Nje, kwenye barabara ya soko, mtu alikuwa ananadi ndizi za kupika. Nilisikia kila neno lake.

"Ziko picha tisa," nilisema. "Zilikuwa mbovu, nikazikata asubuhi ya siku ileile. Mwenzangu akaziokota."

"Zile mbovu ndizo zilizobaki."

"Ndiyo."

Niliwasha kioo, nikaweka kipande juu yake, nikampa lenzi. Hakujua kuitumia, aliishika mbali. Nikamshika kiwiko nikamsogeza, naye hakuutoa mkono wangu. Alitulia. Alipita kutoka picha ya kwanza hadi ya tisa, kisha akarudi nyuma, polepole, kama vidole vyetu vinavyorudi juu ya mchaniko. Nilisimama nyuma yake nikisubiri mayowe, machozi, matusi, lolote ambalo lingenimaliza.

"Masikio," alisema hatimaye. "Siku zote nilijiuliza nimeyatoa wapi."

Alikaa na lenzi karibu saa nzima. Nilimwahidi nakala kubwa za picha zote tisa, zikachapishwa wiki ile. Mbele yake nilichukua kadi ya zamani, nikapiga mstari juu ya neno siki, nikaandika kwa kalamu ya kudumu kwamba mkanda ulikuwa mzima, nikatia herufi zangu. Nafasi ya pua ya pili niliiacha wazi. Kadi hiyo iko kwenye sanduku la kwanza, nendeni mkaione.

Ofelia alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Sijui nikwambie nini," alisema. "Nikisema asante nitakuwa mwongo. Nikisema nakuchukia, pia."

"Usiseme."

Mlango wa chumba kile mnaufahamu, ulijengwa kwa ajili ya mashine kubwa, hata farasi angepita na mpanda farasi wake. Ofelia alikuwa mrefu, lakini si mrefu kiasi hicho. Alipofika kizingitini aliinamisha kichwa kidogo, akatanguliza bega la kushoto, akapita.